Jenerali Patton na mbwa wake Willie: maswali ninayoulizwa kila siku saluni

Kwenye ukuta wa saluni yangu hapa Sinza, kati ya kioo na kalenda, nimebandika picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe. Mbwa mweupe amejilaza chini, kichwa kimegusa sakafu, na pembeni yake kuna masanduku ya safari. Mtu hayupo. Mteja akishakaa kitini na kufungwa kitambaa shingoni, macho yake huishia hapo, na maswali huanza kabla sijawasha mashine. Maswali yenyewe ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu yake. Unayesubiri zamu yako kwenye benchi, soma.

## Ya mwanzo

1. Huyu mbwa ni wa nani?

Anaitwa Willie. Mwenyewe ni George S. Patton, jenerali wa Marekani katika Vita Vikuu vya Pili, aliyezaliwa California mwaka 1885. Ndiye aliyeongoza Jeshi la Tatu la Marekani lililokatiza Ufaransa mwaka 1944 kwa kasi iliyowashangaza hata wakubwa wake. Alipenda kuonekana: kofia ya chuma iliyong'arishwa, buti za kupanda farasi, na bastola zenye mipini ya pembe za ndovu. Matusi yalikuwa mdomoni muda wote. Kitu kimoja tu hakikulingana na umbo lake, nacho ni sauti, ambayo ilikuwa nyembamba na ya juu.

Picha ilipigwa Bad Nauheim, Ujerumani, Januari 1946. Kwa nini Patton hayupo pichani, tazama swali la 15.

2. Ni mbwa wa aina gani? Mbona kichwa kama yai?

Ni bul teria, mbwa wa Uingereza. Kichwa chake hakina kile kibonyo cha kati ya macho na pua ambacho mbwa wengi wanacho. Kinashuka moja kwa moja, macho ni madogo, na shingo ni nene. Asili yake ni mbwa waliozalishwa kwa mchezo wa kupiganisha wanyama, lakini kufikia zama za Patton alikuwa mbwa wa nyumbani, mkaidi na mwenye mapenzi mengi kwa mtu wake.

3. Walikutana wapi?

Uingereza, Machi 1944. Masimulizi yanayojulikana zaidi yanasema Willie alikuwa wa rubani wa jeshi la anga la Uingereza ambaye siku moja aliruka na hakurudi. Mbwa akabaki, na Patton akamnunua.

Elewa na hali ya Patton mwenyewe wakati huo. Mwaka uliotangulia alikuwa ameiteka Sicily, kisiwa cha Italia, kisha akajiharibia kwa mikono yake (swali la 8). Miezi mingi akawekwa kando huku wenzake wakiendelea na vita. Alipoitwa Uingereza, sehemu ya kazi yake ilikuwa kuonekana tu. Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, walibuni jeshi zima la uongo, wakalitangaza kuwa liko chini yake, ili Wajerumani waamini shambulio kwenye pwani ya Ufaransa litatua Calais na si Normandy. Mtu aliyeamini kwamba amezaliwa kwa ajili ya vita alikuwa amekaa Cheshire anangoja, jina lake linatumika kama chambo. Ndipo akanunua mbwa.

4. Jina Willie limetoka wapi?

Kwa William Mshindi, mtawala wa Normandy aliyevuka bahari mwaka 1066 akaitwaa Uingereza. Patton alikuwa anajiandaa kuvuka bahari ile ile, yeye akielekea upande wa pili. Alikuwa msomaji mkubwa wa historia na majina kama hayo hayakumtoka kwa bahati. Mbwa hakuonyesha dalili zozote za ushindi, na jina fupi ndilo lililobaki.

5. Waliishi pamoja miaka mingapi?

Hata miaka 2 haikutimia. Ni kama miezi 21, toka Machi 1944 mpaka Desemba 1945. Watu hushangaa, kwa sababu ukisikia kisa chenyewe unadhani ni maisha mazima.

## Vitani

6. Kweli alikwenda naye vitani?

Ndiyo. Patton alitua Normandy Julai 1944, na Willie akawa naye kwenye makao ya jeshi kila yalipohamia. Patton alilala ndani ya gari kubwa lililogeuzwa chumba, na Willie alilala humo humo. Mchana alipanda naye jipu. Wapiga picha wa jeshi waliwakuta pamoja mara nyingi, jenerali amesimama na mjeledi wake wa farasi, mbwa yuko miguuni.

Tarehe 15 Julai 1944 Patton aliandika katika shajara yake kwamba Willie anampenda kupita kiasi, karibu azimie kwa furaha kila anapomwona akirudi kambini. Akaongeza kwamba mbwa huyo anakoroma, na usiku ni mwenzake.

Hilo la kukoroma hunigusa kila nikilifikiria. Hii ni shajara ya jenerali aliye nje ya Cherbourg, wiki mbili na ushei kabla jeshi lake halijaruhusiwa kuingia vitani. Anayo ramani, anao maofisa, anazo simu. Halafu anakaa chini, anashika kalamu, anaandika kuhusu mlio wa mbwa aliyelala. Mtu aliyewahi kulala peke yake chumba cha kupanga mjini, feni imezima na umeme umekatika, ataelewa kwa nini sauti ya kiumbe mwingine anayepumua ni habari ya kuandikwa.

7. Basi Willie alikuwa mbwa wa vita? Alifundishwa kazi gani?

Hakuna. Inasimuliwa kwamba milio ya mizinga ilimtia hofu, na kwamba hata mbwa wadogo walimsumbua. Jeshi la Marekani lilikuwa na mbwa wengine waliofundishwa ulinzi, doria na kupeleka ujumbe, wakafanya kazi nzito. Ukitaka mfano wa karibu, waangalie mbwa wa polisi wetu, au wale walioletwa bandarini na uwanja wa ndege hapa Dar kunusa pembe za ndovu kwenye mizigo. Hao ni wafanyakazi. Willie alikuwa wa kukaa na mtu.

Ndiyo, Patton alimtengenezea vibati vya utambulisho kama vya askari, na alimfanyia sherehe ya kuzaliwa. Wateja wengine hawaamini mpaka niwaapie.

## Kuhusu Patton mwenyewe

8. Mtu mkali vile anawezaje kumpenda mbwa?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na silijibu kwa neno moja.

Agosti 1943, Sicily, Patton alitembelea hospitali za jeshi. Tarehe 3 akamkuta askari amekaa, hana jeraha, akamuuliza tatizo ni nini. Askari akajibu kwamba ameshindwa kuvumilia. Patton akamchapa kwa glovu na kumtoa nje ya hema kwa nguvu. Wiki moja baadaye, kwenye hospitali nyingine, akampiga askari wa pili na kumtishia kwa bastola. Yule wa kwanza alipopimwa alikutwa na malaria na kuhara. Sisi watu wa Dar hatuhitaji kuelezwa homa ya malaria inamfanya mtu aweje. Umeketi, meno yanagongana, unaulizwa swali, jibu lenyewe hulipati.

Kwa hiyo unaye mtu mmoja aliyempiga mgonjwa, na ndiye huyo huyo aliyemfurahia mbwa anayekoroma. Wapo wanaosema mbwa anathibitisha kwamba moyoni alikuwa mwema. Mimi sikubali. Mbwa hakumfutia Patton kosa hata moja. Wengine wanasema mapenzi yale yalikuwa maonyesho kama zile bastola. Hilo nalo nalikataa, kwa sababu shajara haikuandikwa kwa ajili ya wapiga picha.

Ninachoona ni hiki. Mbele ya askari alijilazimisha kuwa jiwe, mpaka akaanza kuamini kwamba kila mtu ana wajibu wa kuwa jiwe. Askari aliyeonyesha woga alimuudhi kwa sababu yeye mwenyewe alipigana na woga wake maisha yake yote, na aliwahi kuandika kuhusu hilo. Mbwa mwenye woga hakumuudhi, kwani mbwa hakuapa kiapo chochote. Kwa Willie alipumzika kuwa jenerali. Huruma aliyompa mbwa angeweza kumpa yule kijana kwenye hema, na hakumpa. Hapo ndipo ninapomlaumu.

9. Aliwaonaje watu weusi?

Vibaya, ingawa aliwahitaji. Novemba 1944 kikosi cha vifaru cha 761, cha Wamarekani weusi, kiliungana na Jeshi la Tatu. Patton aliwahutubia akawapokea, akisema anataka askari bora tu na rangi si kitu. Kwenye maandishi yake ya faragha aliandika kwamba askari mweusi hawezi kufikiri haraka kiasi cha kupigana ndani ya kifaru. Kikosi hicho kikapigana miezi sita mfululizo.

Na zile mbio zake za kiangazi zingekwama bila mafuta. Misafara ya malori iliyobeba mafuta na risasi kuyafikia majeshi ya mbele, kuanzia Agosti mpaka Novemba 1944, robo tatu ya madereva wake walikuwa weusi. Waliendesha usiku na mchana. Alama yao ilikuwa mpira mwekundu.

Aliandika pia maneno ya chuki kuhusu Wayahudi walionusurika kwenye kambi za mauaji. Mteja mmoja aliniambia, anko, basi ibandue hiyo picha. Nikamjibu kwamba kilichopo ukutani ni picha ya Willie.

10. Patton aliwahi kufika huku kwetu?

Afrika alifika, Afrika Mashariki hapana. Alitua Moroko Novemba 1942 na kupigana Tunisia mwaka 1943. Babu zetu wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walikuwa njia nyingine kabisa: Abisinia, Madagaska, na baadaye Burma. Na yule askari wa shaba pale Posta kwenye mzunguko wa barabara ya Samora hahusiani na vita hivi. Sanamu ile iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka wa Vita Vikuu vya Kwanza.

## Majenerali wengine

11. Ni Patton tu, au kuna wengine waliokuwa na mbwa?

Wako wengi. Eisenhower, mkubwa wake Patton, alikuwa na teria mdogo mweusi wa Scotland aliyeitwa Telek, akampeleka mpaka Algiers. Aliporudi naye Uingereza mwaka 1944, sheria ilikuwa karantini ya miezi 6 kwa mbwa yeyote anayetoka nje, kwa kuogopa kichaa cha mbwa. Mtu aliyeamuru mamilioni ya askari hakuweza kumtoa mbwa wake kizuizini. Willie alinunuliwa Uingereza hiyo hiyo, kwa hiyo hayakumkuta. Montgomery wa Uingereza naye alikuwa na mbwa wawili wadogo Normandy, mmoja akimwita Hitler na mwingine Rommel, majina ya maadui zake Wajerumani.

Lakini kisa ninachokipenda kinatangulia hivyo vyote. Tarehe 4 Oktoba 1777, katika vita vya Marekani vya kudai uhuru, George Washington alishindwa na Waingereza wa Jenerali Howe pale Germantown, karibu na Philadelphia. Baada ya mapigano mbwa mmoja alionekana kwa Wamarekani. Ukosi wake ulikuwa na jina la Howe. Siku mbili baada ya kushindwa, Washington akamrudisha mbwa pamoja na barua fupi, iliyoandikwa kwa mkono wa msaidizi wake Alexander Hamilton: Jenerali Washington anamsalimu Jenerali Howe, na ana furaha kumrudishia mbwa aliyeangukia mikononi mwake kwa bahati, ambaye kwa maandishi ya ukosi anaonekana kuwa ni wake.

Basi, hakuna zaidi. Hakudai chochote, hakutukana. Barua yenyewe ipo mpaka leo, na vita viliendelea miaka mingine kadhaa.

## Sisi na mbwa hapa Dar

12. Wewe ni Mwislamu, mbona umebandika mbwa? Si najisi?

Huulizwa kwa heshima, nami hujibu kwa heshima. Wengi wetu hapa pwani tunafuata madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Wafuasi wa Malik wana mtazamo mwepesi zaidi. Kufuga mbwa wa ulinzi, wa mifugo au wa kuwinda kumeruhusiwa. Picha ukutani hairambi chombo cha mtu.

Lakini najisi ni suala la tohara, halina uhusiano na kumtesa mnyama. Kuna hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno akapanda nacho, akamnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu. Mungu akamsamehe dhambi zake. Na Sura ya Pango, aya ya 18, inamtaja mbwa wa wale vijana amenyoosha miguu yake kizingitini. Mbwa wangu Bosi analala nje, kwenye banda lenye bati na kivuli cha mwembe. Kama una swali la fiqhi zaidi ya hapo, mwone shehe wako. Mimi ni kinyozi.

13. Nataka bul teria kama Willie. Ataliweza joto la Dar?

Ataishi, ila kwa matunzo. Wale weupe ngozi yao huungua na jua, na baadhi huzaliwa viziwi. Mtembeze alfajiri au baada ya magharibi, lami ya saa nane mchana humuunguza nyayo. Kupe wa huku hawana huruma. Chanjo ya kichaa cha mbwa isikose kila mwaka kwa daktari wa mifugo, hata kama ni mbwa koko. Na ukiumwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri dalili. Dalili zikianza, karibu hakuna anayepona.

Jambo moja zaidi. Usimnunue umfunge mnyororo getini chini ya kibao cha MBWA MKALI halafu umsahau. Bul teria akikosa mtu huharibika tabia. Kama unataka kengele ya geti, nunua kengele.

14. Kuongea na mbwa si dalili ya wazimu?

Hapana. Patton aliongea na Willie, mimi naongea na Bosi. Anayekaa na siri nyingi hutafuta sikio lisilo na mdomo.

## Mwisho wao

15. Patton alikufaje? Vitani?

Hapana, na ndiyo maana picha ile inauma. Alivuka Vita Vikuu vya Pili salama. Oktoba 1945 alinyang'anywa Jeshi la Tatu kwa kauli zake kuhusu Wanazi, akahamishiwa jeshi jingine pale Bad Nauheim ambalo kazi yake kubwa ilikuwa kuandika historia. Tarehe 9 Desemba, Jumapili, alitoka kwenda kuwinda ndege karibu na Mannheim. Gari lake likagongana na lori la jeshi kwa mwendo mdogo. Wenzake waliumia kidogo tu. Yeye alivunjika shingo, mwili ukapooza. Mkewe Beatrice akaruka kutoka Marekani kumfuata. Alifariki usingizini hospitalini Heidelberg tarehe 21 Desemba 1945, akiwa na miaka 60, akazikwa Hamm, Luxembourg, kati ya askari wake.

16. Na Willie?

Alirudishwa Marekani kwa Beatrice na binti zake, akaishi nao miaka yake iliyobaki. Picha yetu ni ya siku anazosubiri safari hiyo.

17. Mbwa anajua kwamba mwenyewe amekufa?

Anajua kwamba hayupo. Mbwa aliyefiwa huweza kula kidogo, kulala zaidi, kurudi mara kwa mara mahali alipozoea kumkuta mtu wake. Kama anaelewa kifo kama sisi, hakuna aliyeweza kuonyesha. Naweza kusema nilichokiona tu.

Jirani yangu Kimara, mzee mstaafu wa jeshi, alikuwa na mbwa koko mwekundu anayeitwa Tom. Mzee alichukuliwa usiku kwa bajaji kwenda hospitali, hakurudi. Msiba ulijaa, turubai barabarani, viti vya plastiki, masufuria ya pilau nyuma ya nyumba. Tom alilala barazani kando ya kandambili za mzee, zile za bluu zilizokatika mkanda na kushonwa kwa waya. Watu waliingia na kutoka kwa kumruka. Hakubweka, na nyama aliyorushiwa hakuigusa.

Siku ya nne binti wa mzee aliziokota azioshe, ampe mtu. Tom akainuka akamfuata mpaka bombani, akaketi mbele yake akiziangalia. Binti akasimama nazo mkononi kwa muda. Kisha akarudi barazani akazipanga pale pale zilipokuwa, ya kulia na ya kushoto. Zilikaa hapo mpaka masika yalipoanza.